Simu ya kukunja na bipu ya saa tatu usiku

Neno "mama" huandikwa kwa kubonyeza mara nne tu: sita, mbili, sita, mbili. Kidole gumba kinalijua hata gizani. Neno "baba" nalo lina herufi nne, lakini zote zimekaa kwenye batani moja, ile ya namba mbili. Unabonyeza mara mbili, unasubiri, unabonyeza mara moja, unasubiri, kisha unaanza upya. Ukiwa na haraka, simu inakuandikia "c" ambayo hukuiomba. Nilikuwa nimeyasahau haya kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka niliporudi kwenye simu ya batani.

Simu yangu ni ya kukunja. Ni nyeusi, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni ya kuogea. Ukiifunua, juu kuna kioo kidogo na chini kuna batani; ukiifunika, inatoa mlio mfupi, tap, na maongezi yamekwisha. Huu ni mwaka wa tatu ninaitumia, na ndiyo pekee niliyonayo. Watu wanaonipenda huniuliza kwa upole kama mambo hayajakaa sawa. Nawajibu kuwa mambo yako sawa, namshukuru Mungu, ila simu janja yangu ilinyakuliwa na vijana wa pikipiki nikiwa kituo cha daladala Buguruni, jioni moja ya mvua, na hii niliinunua kama ya kushikia tu wakati najipanga. Nimejipanga, na sijaiacha.

Siku ya kuinunua, fundi wa pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliifunua na kuifunika mara tano sita karibu na sikio lake, kama mtu anayetikisa nazi kabla ya kutoa hela. "Sikiliza bawaba, kaka," akaniambia. "Ikilia mchanga, iache." Akanifungulia nyingine iliyokufa nione. Ndani ya bawaba hupita utepe mwembamba unaounganisha sehemu ya chini na kioo. Kila unapoifunua simu, utepe ule unapinda. Siku ukikatika, kioo kinakuwa cheupe pe huku simu bado inaita na sauti inasikika. Tangu siku hiyo naifunua kwa mikono miwili, na watoto wangu wameambiwa wasiichezee kwa kuipigapiga tap, tap.

Simu za namna hii zilikuwa za wakubwa zamani. Motorola walipotoa StarTAC mwaka 1996, simu ya mkononi inayokunjika katikati kama kitabu, hapa kwetu Tanzania kampuni ya simu ya Mobitel ilikuwa na miaka miwili tu sokoni, na mtu mwenye simu kiunoni alikuwa mtu wa kupishwa njia. Razr, nyembamba, ya mwaka 2004, niliiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa bwana harusi. Aliiweka mezani ukumbini ikiwa imefunikwa, na meza nzima ikawa inaitazama.

Lakini simu iliyoingia kila nyumba haikukunjika. Ilikuwa Nokia 1100 ya mwaka 2003. Kampuni iliuza zaidi ya milioni 250 za aina hiyo duniani, na walioipenda hawakuipenda kwa urembo. Batani zake zilifunikwa kwa mpira mmoja usioruhusu vumbi kupenya, mwili wake haukuteleza mkononi mwenye jasho, na kichwani ilikuwa na tochi. Tochi hiyo ndiyo iliyotupa neno. Sisi tukasema kitochi, Wakenya wakasema mulika mwizi, na wote tulimaanisha kitu kimoja: simu ya kutembea nayo usiku. Leo kitochi ni jina la simu yoyote ya batani, hata isiyo na tochi, na vijana wa mjini wameongeza kiswaswadu. Betri ya Nokia hiyo, BL-5C, imeishi muda mrefu kuliko simu yenyewe. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kubadilisha bure hadi betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na kampuni moja kwa kuwa ziliweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa, na bado watu hawakuiacha. Fungua mgongo wa redio ndogo za Kichina zinazouzwa stendi, utaikuta humo.

Siku yangu na kitochi inaanza na redio. Waya wa spika za masikioni ndio antena, kwa hiyo lazima uchomeke hata kama unataka sauti ya nje. Hakuna bando linalokatika. Simba na Yanga zinapocheza, nusu ya watu mtaani kwetu wanaangalia kwenye simu picha inayoganda na kuachia. Mimi namsikiliza mtangazaji, na mara mbili nimenyanyuka kushangilia goli wakati wenzangu kwenye kibaraza bado wanaona kona ikipigwa. Nachaji Jumapili na Alhamisi.

Jioni umeme ukiisha, nafunua simu na kubonyeza nyota, 150, nyota, namba za mtandao wangu, halafu alama ya reli. Orodha inakuja. Nachagua kwa namba, naweka namba ya mita, kiasi, namba ya siri. Baada ya muda mfupi inaingia meseji yenye tarakimu ishirini za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hapo ndipo kioo kidogo kinapokuwa na uzuri wake. Namwita mwanangu wa kati, anashika simu na kusoma nne nne kwa sauti, mimi naingiza ukutani kwa mwanga wa kibatari, na tarakimu ya ishirini ikikubali friji inaanza kuguna. Mwanangu anaziita namba hizo "shairi la umeme". Amejifunza kusoma namba ndefu hapo.

Nimeandika meseji nyingi zaidi katika miaka hii mitatu kuliko nilivyotarajia, na nimegundua kwamba Kiswahili kinaelewana na batani. Herufi "a", ambayo lugha yetu haiwezi kupiga hatua mbili bila kuikanyaga, inakuja kwa bonyezo moja. "M" nayo moja, "w" moja, "t" moja. "Sawa" ni mabonyezo saba, na manne kati ya hayo ni ya "s" peke yake. "Nakupenda" ni kumi na manne. "Samahani" ni kumi na matano, na nadhani ni haki kwamba inachosha kidogo. Nafasi ni herufi 160 kwa meseji moja. Kipimo hicho alikipendekeza Mjerumani Friedhelm Hillebrand mwaka 1985, baada ya kukaa nyumbani kwake Bonn akipiga chapa sentensi za kila namna na kuzihesabu, na kuona kuwa mambo mengi ambayo watu wanaambiana yanatosha humo. Mimi sasa naandika sentensi moja, naisoma, natoa neno lisilo na kazi, ndipo natuma. Mke wangu anasema meseji zangu zimerudi kuwa kama za wakati tunachumbiana.

Mama yangu anaishi upande wa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru. Hajawahi kuwa na simu nyingine zaidi ya kitochi. Cha kwanza kilikuwa changu cha zamani, hiki alichonacho ni cha tatu, chenye laini mbili, kwa kuwa mtandao mmoja unashika uani na mwingine unashika chini ya mwembe. Kwake hakuna umeme wa gridi. Ana kipande cha sola juu ya bati, na mvua zikizidi hupeleka betri kwa jirani ikawekwa kwenye kobe, ile chaja inayobana betri yoyote kwa meno mawili. Namba za watu ziko kwenye daftari la shule lenye jalada la gazeti. Majina yameandikwa na wajukuu tofauti kwa miandiko tofauti, kila mjukuu aliyekuja likizo ameacha ukurasa wake.

Macho yake hayasomi vizuri maandishi madogo. Orodha ya kutuma na kutoa pesa anaijua kwa kuihesabu. Moja, halafu namba, halafu kiasi, halafu namba ya siri, ambayo huibonyeza akiwa amegeukia ukuta hata kama yuko peke yake. Miaka ya nyuma kampuni ya laini yake ilipanga upya orodha hiyo, kilichokuwa namba nne kikawa namba sita, na mama alikaa wiki mbili bila kugusa pesa yake mpaka nilipokwenda. Nilikaa naye chini ya mwembe tukaihesabu upya kama watu wanaojifunza sala. Aliyehamisha zile namba ofisini hakumwona mama yangu, wala hakumkusudia mabaya. Alidhani tu kwamba kila mtu anasoma.

Nalisema hili kwa sababu njia hiyo ya nyota na reli ni kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuvuka kuja kwetu mwaka uliofuata, na tangu hapo mkulima wa Matombo ametuma na kupokea pesa kwa simu ambayo haina intaneti hata chembe. Ujumbe wa nyota na reli unapita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara huitumia kuitana na kuambiana "nipo". Ni mfupi, herufi zisizozidi 182 kwa mkupuo, na hauhitaji bando wala programu yoyote ya kupakua. Simu ya mwaka 2003 na simu ya milioni tatu zinasimama mlangoni pamoja na kufunguliwa sawa.

Nguvu ya njia hii niliiona Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanguka. Ilikuwa ndiyo Jumapili ya Siku ya Mama. Mtaani kwetu watu walikuwa na picha za mama zao zilizopambwa maua, zimekwama zinazunguka haziendi. Mimi nilifunua simu na kumpigia wangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona mapema?" Hakuwa na habari ya waya wala ya siku yenyewe. Alikuwa anapalilia magimbi.

Sitaki mtu aione simu hii kama dawa. Ina gharama, na kubwa niliyoilipa ni ya msiba. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alifariki alfajiri, na taarifa ikawekwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Watu hamsini na kitu waliisoma, wakaandika pole, wakapanga usafiri, na kila mmoja aliamini mwenzake amenipigia. Mama alijua niko njiani. Nilipigiwa saa nane mchana na binamu aliyetaka kujua nimekaa wapi, maana hanioni makaburini. Nilifika Matombo jua limezama na makoleo yameshaoshwa, yameegemezwa ukutani. Niliingia kwa mama nikakaa chini, na hakuniuliza kitu. Tangu siku hiyo ukoo umempa kazi mpwa wangu mmoja: likitokea jambo, yeye ana orodha ya watu wasio na simu janja na anapiga mmoja mmoja. Tuko kumi na wanne kwenye orodha. Kabla ya msiba ule hakuna aliyekuwa ametuhesabu.

Shuleni ni hivyo hivyo. Shule anayosoma mwanangu mdogo huweka matangazo yote kwenye kundi la wazazi, na muhula mmoja mtihani ulihamishiwa kesho yake kwa tangazo la usiku, asubuhi mtoto akaenda na sare ya michezo na mpira mkononi. Nilipokwenda kueleza, niliambiwa kwa adabu kabisa kwamba siku hizi kila mzazi yupo kwenye kundi. Nilimwonyesha mwalimu simu yangu. Aliishika, akaifunua, akacheka kwa furaha, akasema marehemu baba yake alikuwa nayo kama hiyo. Halafu akaniandikia namba yake pembeni ya daftari la mtoto. Sasa jambo likibadilika hunitumia meseji, na baada ya wiki chache alinisimulia kwamba wazazi wengine sita wamemwomba hivyo hivyo. Walikuwa kimya muda wote, wakiona haya kusema hawana.

Haya hiyo ndiyo inayonisumbua. Kitochi kimegeuzwa alama ya kuachwa nyuma, na mtu anayekitumia anajificha kuliko kuuliza. Kwenye kikao cha kamati ya harusi mweka hazina akisema "nimetuma kwenye kundi", wenye vitochi wanaitikia kwa kichwa kama walioona. Kwenye dirisha la huduma ukiambiwa "pakua programu yetu", wengi hugeuka na kwenda zao. Kumbe haikuwa lazima kuwa hivyo. Novemba 2012 ilipoanza kampeni ya Wazazi Nipendeni, mama mjamzito popote Tanzania alituma neno MTOTO kwenda 15001 bila malipo, akawa anapokea meseji za Kiswahili zinazomfuata wiki kwa wiki za ujauzito wake. Hakuulizwa ana simu gani. Hata ulaghai tunaripoti kwa njia hiyo hiyo: ukipata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ambayo nadhani hakuna Mtanzania mwenye laini asiyeijua, namba ya kuripoti ni 15040. Mama aliwahi kuipokea. Alinipigia, akanisomea kwa shida neno kwa neno, kisha akaniuliza, "Sasa huyu ni nani kwetu?"

Palikuwa na jaribio la kukutanisha pande hizi mbili. Mwaka 2019 Vodacom ilileta Smart Kitochi, simu ya batani yenye mfumo wa KaiOS, na ndani yake mlikuwa na WhatsApp. Nilimnunulia shemeji yangu wa Kilosa, akawa anasikiliza sauti za wajukuu wake walioko Mwanza akiwa sokoni. Halafu mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS, na baada ya hapo hata waliokuwa nayo wakafungiwa. Simu yake haina ubovu wowote. Sauti za wajukuu ndizo zimenyamaza.

Na minara nayo huzimwa. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 2G tarehe 1 Januari 2017 na wa 3G Februari 2022, na simu nzima nzima zenye betri nzuri na bawaba imara zikawa plastiki. Huku kwetu siku hiyo haijafika. Itakapokaribia, naomba wanaokaa mezani kuamua waanzie hesabu zao chini ya mwembe wa Matombo, wamtazame mtu anayebonyeza namba yake ya siri ameugeukia ukuta, wamwulize atapita wapi. Sina ugomvi na programu wala na kundi la WhatsApp. Naomba tu kila anayejenga huduma mpya, ya shule, ya zahanati, ya mbolea, ya kodi, aache pia njia ya namba fupi na ya sauti ya mtu anayepokea. Ujuzi wa kuijenga upo, umekuwapo miaka yote hii.

Saa tatu usiku mama hunibipu. Mlio mmoja, anakata. Maana yake amefunga mlango, amekula, hajambo. Milio miwili maana yake nipige. Hatukuwahi kukaa tukapanga, ilijipanga yenyewe miaka ya vocha ya kukwangua, na salio lilipokuwa rahisi hatukuibadilisha.

Mwezi uliopita saa tatu ilipita kimya. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshaifunua na kuifunika simu mara nyingi kiasi kwamba mke wangu alinishika mkono. Nilipiga nikaambiwa namba haipatikani. Laini ya pili, vivyo hivyo. Nikampigia jirani mwenye kobe. Alikuwa amelala. Nilimsikia akivaa viatu, nikasikia mlango, mvua, matope, mbwa wa kwa mzee mmoja njiani, mvua tena. Alitembea na simu sikioni akinielekeza alipofika. "Napita kisimani sasa, kaka. Taa inawaka kwake." Akabisha hodi.

"Mwanangu," sauti ya mama ikaja kwa mbali, kisha kwa karibu. "Mvua tangu juzi, sola haijashika. Umemtoa huyu kijana kitandani kwa ajili ya hilo?"

Nikasema samahani, mama. Akasema nenda ukalale.

Kesho yake saa tatu kasorobo, mapema kuliko kawaida, simu iliita mlio mmoja ikakatika. Nikamtumia yule jirani meseji ya kumshukuru, mama naye nikamwandikia neno moja. Sita, mbili, sita, mbili. Nikaifunika.